Biri Inayoungua Upande: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Mtu huwasha biri nzuri, ile sigara nene iliyosokotwa kwa majani matupu ya tumbaku bila karatasi, akaonja ladha inayokumbusha kahawa na mbao, na kabla hajamaliza theluthi ya kwanza akaona moto umekimbilia upande mmoja huku upande wa pili umebaki umechongoka kama kalamu ya mwanzi. Hukumu hutolewa papo hapo: biri hii ni ya bandia, au aliyeisokota hajui kazi. Biri za bandia zipo kweli, lakini kuungua upande si ushahidi wa ubandia. Biri za mashine zilizojazwa tumbaku iliyokatwakatwa zinaweza kuungua sawasawa kuliko biri ya gharama iliyosokotwa kwa mkono.

Sababu yake iko tumboni mwa biri. Jani la nje ni vazi tu. Chini yake kuna jani la kufungia, na ndani kabisa kuna majani ya kujazia, ambayo hayachumwi sehemu moja ya mmea. Wacuba, ambao msamiati wao ndio uliotawala kazi hii, huyaita majani ya chini volado, ya katikati seco, na ya juu ligero. Ligero hupigwa na jua kuliko mengine, kwa hiyo huwa nene, lenye mafuta na nikotini nyingi, na ndilo hubeba nguvu ya biri. Lakini jani hilohilo huwaka kwa kusuasua. Volado halina ladha ya kusifiwa, ila hushika moto upesi na kuwasaidia wenzake. Msokotaji hodari huliweka ligero katikati kabisa, likazungukwa na majani mepesi, ili kaa la moto lichongoke kama pia na kusonga mbele kwa mwendo mmoja. Likisogea pembeni hata kidogo, upande huo utachelewa. Ndiyo maana biri yenye ladha nzito husumbua mara nyingi zaidi kuliko biri nyepesi: kilichompa mvutaji ladha ndicho kilichoukatalia moto. Vazi nalo lina mchango wake, kwa kuwa jani jeusi lililochachushwa kwa muda mrefu huwa nene na huungua taratibu, na mshipa mnene wa jani unaweza kuuzuia moto upande mmoja.

Dhana nyingine, ambayo kwa watu wa pwani ina madhara makubwa zaidi, ni kwamba biri ikiwa na unyevu mwingi ndiyo huwa bora. Ni kweli kwamba biri iliyokauka huungua kwa pupa na kuwa kali, na jani lake la nje hupasuka. Hata hivyo, wahifadhi wengi hulenga unyevu wa hewa wa kati ya asilimia 65 na 70, katika joto la nyuzi 20 hivi za Selsiasi, ilhali hewa ya Dar es Salaam au Mombasa mara nyingi hupita kiwango hicho, hasa wakati wa masika. Biri iliyoachwa mezani kwa siku kadhaa katika hewa ya namna hiyo hunyonya maji, moto ukapambana na mvuke kabla ya kuchoma tumbaku. Wapo wanaokimbilia jokofu kama suluhisho. Jokofu hukausha, na tumbaku hunyonya harufu. Sioni faida ya biri yenye harufu ya samaki wa jana.

Mara nyingi, hata hivyo, kosa si la biri wala la hewa, bali la mwashaji. Aliyezoea sigara za kawaida hudhani kugusisha njiti ya kiberiti na kuvuta pafu moja kunatosha. Mdomo wa biri, yaani ncha inayowashwa, ni mpana, hivyo unatakiwa kupashwa moto kwanza: mwali ukae chini yake bila kuugusa, biri izungushwe taratibu hadi ukingo wote uwe mweusi, kisha ndipo ivutwe. Baada ya hapo, puliza kidogo kwenye kaa na utazame. Sehemu yoyote isiyong'aa nyekundu ni sehemu ambayo moto haujafika, na ikiachwa hivyo ndiyo itakayokuwa upande uliochelewa.

Moto ukishakwenda mrama, wengi huvuta kwa nguvu wakiamini kwamba utajinyoosha. Matokeo yake ni kinyume, kwani upande uliotangulia hupata hewa zaidi na kukimbia zaidi, na moshi huwa wa moto na mchungu. Pafu moja kwa dakika hivi latosha. Kasoro ndogo hujirekebisha yenyewe. Kubwa hurekebishwa kwa kusogeza mwali wa kiberiti cha gesi kwenye ukingo uliobaki nyuma, bila kuvuta. Ama majivu meupe kuwa alama ya ubora, hayo yanatokana zaidi na madini ya udongo, kama magnesi, kuliko ufundi wa msokotaji.

Imebaki dhana iliyo nzito kuliko zote, nayo ni kwamba biri haidhuru kwa sababu moshi wake hauvutwi hadi mapafuni. Tumbaku ya biri hukaushwa kwa hewa na kuchachushwa, tofauti na ile ya Urambo na sehemu nyingine za Tabora inayokaushwa kwa joto la mabani, yaani vibanda vya kukaushia tumbaku, kwa ajili ya sigara, na moshi wa biri huwa na asili ya alkali, hali inayoiwezesha nikotini kupenya moja kwa moja kwenye ngozi laini ya kinywa. Biri moja kubwa inaweza kuwa na tumbaku sawa na pakiti nzima ya sigara, na uvutaji wake unahusishwa na saratani za kinywa, zoloto, umio na mapafu. Hata biri ambayo haijawashwa, ikibanwa tu midomoni, hupitisha nikotini.