Meli za mifupa za Norman Cross: zilivyoundwa na zinavyoharibika

Ukisimama mbele ya meli ya mifupa, yaani mfano mdogo wa meli uliochongwa kwa mifupa na mateka wa vita, acha milingoti kwanza. Tazama ubavu wake, uhesabu viungo vya mbao zake za mfupa.

Kambi ya Norman Cross, karibu na Peterborough nchini Uingereza, ilifunguliwa 1797 kwa ajili ya mateka wa vita na Ufaransa, ikafungwa 1814. Mifupa ilitoka jikoni mwa kambi, na kazi iliyokamilika iliuzwa sokoni pale langoni. Kusuka ukili wa mabua ya ngano kwa kofia kulipigwa marufuku, maana kuliwaharibia soko wasusi wa vijijini. Meli hazikumkera mtu.

Mfupa mzuri ni wa muundi wa ng'ombe: mnyoofu, wenye ukuta mnene. Huchemshwa hadi mafuta yatoke, hukwanguliwa uboho, huanikwa, kisha hupasuliwa kwa msumeno na kusawazishwa kwa tupa. Muundi hautoi ubao unaozidi shibiri, ndiyo sababu ya viungo vingi ubavuni. Chini ya mifupa mara nyingi pana kiunzi cha mti, na vipande hushikizwa kwa vijipini vya shaba au vya mfupa wenyewe. Tundu hutobolewa kwanza kwa kekee. Ukigongomea pasipo tundu, mfupa hupasuka kwa urefu wake.

Kamba zilisokotwa kwa nywele au hariri. Katika baadhi ya meli, ukivuta uzi ulio nyuma, mizinga yote hurudi ndani kwa pamoja. Milingoti nayo mara nyingi ni mirefu kupita kiasi; sidhani fundi alikosea, mnunuzi alitaka kitu cha kushangaza wageni.

Mafuta yasipotoka yote, madoa ya manjano hujitokeza baadaye na gundi haishiki. Mti hufura na kusinyaa kuliko mfupa, basi hewa ikibadilika ghafla vijipini hutoka na mbao huachana. Taa ya joto ndani ya kabati ni adui mkubwa. Usioshe kwa maji, na siki usiiguse kabisa: hula chokaa ya mfupa.

Wauzaji wengine huziita meli hizi za pembe ya ndovu. Chukua lenzi: mfupa una vitone na mistari midogo myeusi, njia za damu za zamani. Pembe ya ndovu haina vitone hivyo; ikikatwa kwa upana, huonyesha mistari inayokingamana.