Programu ya watumiaji wote ni ipi, na ya mtumiaji mmoja ni ipi?

Kompyuta ina akaunti tatu. Programu imesakinishwa katika akaunti ya kwanza na inafanya kazi vizuri, lakini ukiingia kwa akaunti ya pili huioni, si kwenye menyu wala kwenye skrini ya mwanzo. Haijafutika. Imewekwa ndani ya folda ya mtu mmoja, na folda hiyo wengine hawaruhusiwi kuifungua.

Kusakinisha kwa watumiaji wote maana yake ni kuweka faili za programu mahali ambapo kila akaunti inaweza kuzisoma na kuziendesha, ila msimamizi peke yake ndiye anayeweza kuzibadilisha. Kwenye Windows mahali hapo ni C:\Program Files, kwenye Mac ni /Applications, na kwenye Linux mara nyingi ni /usr au /opt. Programu ya mtumiaji mmoja kwenye Windows hukaa chini ya C:\Users\jina\AppData\Local. Watengenezaji wengi hupendelea njia hii ya pili kwa sababu haidai nenosiri la msimamizi. Visual Studio Code (programu ya kuandikia msimbo), kwa mfano, ina visakinishi viwili tofauti, kimoja cha mtumiaji na kimoja cha mfumo mzima.

Kutambua ipi ni ipi ni rahisi. Bofya njia ya mkato ya programu kwa kitufe cha kulia cha kipanya, fungua Properties, usome mstari wa Target. Ukianza na C:\Users, programu ni ya mtu mmoja.

Hapa ndipo wengi hukosea. Mtu yuko kwenye akaunti ya kawaida, anaendesha kisakinishi cha mtumiaji mmoja kwa "Run as administrator", anaandika nenosiri la msimamizi, kisha programu haionekani popote. Kilichotokea ni kwamba kisakinishi kimeendeshwa kwa jina la msimamizi, kwa hiyo "mtumiaji" kinayemjua ni msimamizi, na programu imeingia kwenye folda yake. Nenosiri la msimamizi linatoa ruhusa tu; halibadilishi aina ya kisakinishi.

Kunakili folda ya programu kwenda Program Files nako hakushauriwi. Faili zitahama, lakini taarifa zilizoandikwa kwenye rejista (hifadhi ya mipangilio ya Windows) chini ya HKEY_CURRENT_USER, sehemu ya mtumiaji aliyeingia, zitabaki za yule wa kwanza. Aina za faili hazitafunguka kwa programu hiyo katika akaunti nyingine, na masasisho yataendelea kwenda kwenye folda ya zamani. Kibaya zaidi ni kuwapa wengine ruhusa ya kuandika ndani ya folda yako: yeyote kati yao ataweza kubadilisha faili ya programu, na siku utakapoifungua, alichokiweka kitaendeshwa kwa ruhusa zako.

Njia sahihi: ingia kwenye akaunti iliyosakinisha, ondoa programu, pakua kisakinishi cha mfumo mzima, kisha sakinisha kwa ruhusa ya msimamizi. Kikiuliza, chagua watumiaji wote. Faili nyingi za .msi (aina ya kisakinishi cha Windows) hukubali amri hii:

msiexec /i programu.msi ALLUSERS=1

Kama programu tayari iko Program Files na kinachokosekana ni njia ya mkato tu, usisakinishe upya. Nakili njia hiyo ya mkato kwenye C:\Users\Public\Desktop na itaonekana kwa kila akaunti.

Kinachoshirikiwa ni programu yenyewe. Mipangilio, alamisho za kivinjari, manenosiri yaliyohifadhiwa na historia hubaki kwa kila mtu, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Leseni ni suala jingine: nyingine hufungwa kwa kompyuta, nyingine kwa mtu, kwa hiyo akaunti ya pili inaweza kudaiwa kuingia upya hata kama programu inafunguka.

Kumbuka pia kwamba ukiiondoa programu ya watumiaji wote, unawaondolea wote. Na sasisho likigoma kwa madai kwamba faili inatumika ilhali wewe umeshaifunga programu, angalia kama kuna aliyebadilisha akaunti bila kutoka kabisa. Programu bado iko wazi upande wake. Atoke kwanza, halafu usasishe.