"Vidonge vya kunenepa nimeshaviacha, mwilini havipo tena"

Dawa kweli imetoka. Tezi za adrenali, zinazotengeneza kortisoli, homoni ya kuhimili msukosuko, ndizo bado zimelala, na hilo wateja wa vidonge hivi hawataki kulisikia.

Vidonge vinavyouzwa kwa kuhesabiwa mitaani Mwanza, vimefungwa kwenye karatasi isiyo na jina, huweza kuwa deksamethasoni, dawa ya steroidi inayofanya kazi kama kortisoli. Miligramu 0.75 zake zina nguvu ya miligramu 5 za prednisoloni, steroidi nyingine, au kortisoli miligramu 20 hivi. Hicho ni kiasi ambacho tezi mbili za adrenali, zilizokaa juu ya figo, hazikifikishi kwa siku ya kawaida. Ubongo ukiona kortisoli imejaa, unaacha kuziamuru. Tezi zisizoamriwa husinyaa. Meza zaidi ya wiki tatu au nne kisha acha ghafla, na huenda zikachukua miezi kuamka.

Siku za kawaida utahisi uchovu tu. Kasheshe huja mwili ukihitaji kortisoli maradufu: malaria kali, operesheni, ajali ya bodaboda, mtumbwi wa dagaa kupinduliwa na upepo usiku. Adrenalini, homoni ya hofu, itamwagika ndani ya sekunde, lakini mishipa ya damu iliyokosa kortisoli haiitikii wito wake. Presha inaporomoka, sukari inashuka, mtu anatapika, tumbo linamkata, akisimama anaanguka. Nyumbani watasema malaria imempanda kichwani, watamnunulia mseto, na saa zinakwenda.

Anachohitaji ni haidrokotisoni, yaani kortisoli ya dawa, miligramu 100 kwa sindano, na dripu ya maji ya chumvi, kwa mtu mzima lita 1 ndani ya saa ya kwanza. Aliye kisiwani Ukerewe asisubiri meli ya kuja mjini. Sindano ichomwe kituo cha karibu. Kwa hiyo mwambieni nesi mapema: "Alikuwa anameza vidonge vya kunenepa." Aibu isimuue mtu. Na anayevimeza sasa asivitupe leo kwa hofu. Aende navyo kwa daktari apunguziwe dozi hatua kwa hatua.

Kauli nyingine zinazosikika: "Mkorogo ni wa kupaka tu." Klobetasoli, steroidi inayoweza kuwemo humo, hupenya ngozi; ukipaka mwili mzima kila siku, tezi hulala vilevile.

"Aliyeshtuka apewe maji ya sukari." Kwa aliyeshtuka kwa hofu tu, adrenalini imeshaliamuru ini limwage sukari kwenye damu. Mkalishe, apumue taratibu. Akiwa amezimia, usimtie chochote mdomoni.

"Kortisoli ni sumu, isafishwe kwa chai ya majani." Hupanda alfajiri ili uamke na kushuka usiku ulale. Hakuna cha kusafisha.