Defragi isiyokwisha: ya kuambiwa na ya kweli

Pita mtaa wa Langoni na laptopu iliyokwama kwenye defragi, ile kazi ya Windows ya kupanga upya faili kwenye diski, uone: hukosi mtu wa kukupa dawa, na dawa nyingi hazigusi ugonjwa.

"Iache ikeshe, bwana, asubuhi utaikuta imekwisha." Inawezekana, kama kweli inaendelea. Kwenye Windows 7 kazi hii hupita raundi kadhaa, na kila raundi huanza tena kwenye sifuri, ndiyo maana mtu hudhani imerudi nyuma. Tazama raundi, usitazame asilimia peke yake. Ikiwa raundi ni ile ile na namba haijasogea kwa saa nyingi, ipo sababu, na kukesha hakuiondoi.

Sababu ya kwanza ya kutazama ni nafasi. Defragi huviweka pamoja vipande vya faili vilivyotawanyika, kwa hiyo lazima pawepo mahali patupu pa kuvihamishia. Programu ya Windows XP ilitaka angalau asilimia 15 ya diski iwe wazi. Mpiga picha za harusi mwenye diski ya GB 500 angehitaji GB 75 tupu; akifungua anakuta GB 9, kwingine kote kumejaa video za usiku wa hina na siku ya kupamba. Hata akikesha mwezi mzima, haitamaliza. Video zihamie diski ya nje, pipa la taka limwagwe, amri ya cleanmgr, ya Windows ya kusafisha diski, ifagie mabaki, ndipo ajaribu tena.

"Hiyo ni vairasi." Aghalabu mkosaji ni antivairasi yenyewe. Programu yoyote inayoandika kwenye diski wakati huo inaiharibia defragi mpango wake. Enzi za Windows 98 hata skrini seva, ile picha inayojitokeza mashine ikiachwa, ikijiwasha, kazi ilianza upya. Kata intaneti, funga kila kitu, simamisha antivairasi kwa muda, kisha uiache mashine bila kuigusa.

"Umeme ukikatika katikati, faili zote zimekwenda." Si hivyo. Windows hunakili kipande mahali papya kwanza, ndipo hubadilisha anwani yake, na NTFS, mfumo wa Windows wa kuweka faili kwenye diski, una kumbukumbu ya mabadiliko hayo. Hata hivyo mashine ikizimika ghafla, endesha chkdsk c: /f, amri ya kukagua diski na kurekebisha makosa, kabla ya kurudia.

"Piga fomati, itapona." Yaani futa diski yote uianze upya. Huu ndio ushauri unaoniudhi, maana umewapotezea watu picha za wazazi wao. Huenda kinachoinasa defragi ni sekta mbovu, yaani vijisehemu vya diski visivyosomeka tena; huo ni uharibifu wa sahani yenyewe inayozunguka ndani ya diski, na fomati haiifanyi sahani kuwa nzima. Dalili zake hazifichiki: diski inagonga tik, tik, tik, picha moja inafunguka kwa dakika nzima, defragi inanasa pale pale kila ukijaribu. Wengine hapo hukimbilia chkdsk c: /r. Amri hiyo husoma diski yote, sekta kwa sekta, na diski inayokufa huenda isihimili mzigo huo. Nakili vitu vyako kwanza, ukianza na visivyopatikana tena. Baadaye soma ripoti ya SMART, ile diski inayojiandikia kuhusu afya yake, kwa programu yoyote ya bure: idadi ya sekta mbovu zilizowekewa mbadala ikizidi kupanda, nunua diski nyingine, na ile mbovu usiiguse kwa defragi tena.

Hewa ya bahari nayo hulaumiwa sana. Kitundu cha kupumulia cha diski za kawaida kina kichujio, hivyo chumvi huanza kula viunganishi vya nje kabla ya kufika kwenye sahani.

Na wenye SSD, diski za chipu? Hizo hazina sahani wala kichwa cha kutembea, kwa hiyo vipande kutawanyika hakuzicheleweshi, na kuandikaandika bure kunazila umri. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, ukibonyeza kitufe kile kile cha defragi, SSD hutumiwa amri ya TRIM, inayoiambia ni sehemu zipi hazitumiki tena, badala ya kupangwa upya. Ikimaliza kwa sekunde chache, haikudanganyi.