Khoja wa Zanzibar na Hoxha wa Albania wana jina moja, ila si ndugu

Mwaka 1967 Albania ilifunga misikiti na makanisa yote, mashehe na mapadri wengi wakaishia jela au kwenye kazi za shamba, na katiba ya 1976 ikaandika kabisa kwamba dola haitambui dini yoyote. Aliyekuwa juu ya yote hayo ni Enver Hoxha, mtawala wa kikomunisti wa nchi hiyo. Sasa sikia, hilo jina lake la ukoo kwa Kialbania maana yake ni ustadhi, yule mwalimu wa dini, imamu wa mtaa. Na kana kwamba haitoshi, mwaka 1975 serikali yake ikatoa amri kwamba raia mwenye jina lisiloendana na itikadi alibadilishe, watu wakaachishwa majina yao ya Kiislamu na ya Kikristo, yeye mwenyewe kakaa na uustadhi wake mpaka anakufa 1985. Mi kazi yangu ni majina ya watu na bado sijakutana na kituko kinachokipita hiki.

Hiyo xh yao isome kama j ya kwetu, kwa hiyo unapata "Hoja". (Hoja ya bungeni ni nyingine kabisa, hiyo ni Kiarabu.) Ukishalisikia hivyo masikio yanafunguka, maana Hodžić wa Bosnia ni hilohilo, Khodjaev wa Bukhara ni hilohilo, Khodja wa Algiers, Khawaja wa Lahore, na Makhoja wetu wa Dar, Zanzibar na Mombasa, wote wamechota kisima kimoja, neno la Kiajemi khwaja, yaani bwana, mkubwa, mwenye mali.

Swali ninaloulizwa kila mara likishafika hapo ni: kwa hiyo hawa wote asili yao Uajemi? Hapana. Na hapa ndo watu wengi wanaochora miti ya ukoo mtandaoni wanapopotea. Jina hili halikubebwa na damu, lilibebwa na karani, mwalimu na mfanyabiashara. Kwa miaka mia kadhaa Kiajemi kilikuwa ndo lugha ya ofisi na ya watu wasomi kuanzia Anatolia mpaka Bengal, hata kwenye nchi ambazo mtawala mwenyewe nyumbani kwake anaongea Kituruki, na cheo cha Kiajemi kilitua popote ambapo ofisi ya namna hiyo ilifunguliwa. Sisi wenyewe tunasema serikali, tunasema diwani, yote mawili Kiajemi, na diwani wa kata yako hana bibi aliyezaliwa Shiraz.

Mwanzoni khwaja alikuwa mtu mzito kwelikweli. Kwenye utawala wa Wasamani kule Bukhara, karne ya 9 na ya 10, ilikuwa heshima ya mawaziri na wakuu wa ofisi, na Waturuki wa Ghazni na wa Seljuk walipochukua madaraka wakaendelea nayo, ndo maana hata waziri mkubwa Nizam al-Mulk, yule aliyeuawa 1092, unamkuta kwenye maandishi anaitwa Khwaja. Mshairi Hafiz naye Khwaja. Mwanahisabati na mnajimu Nasir al-Din Tusi (1201 hadi 1274) mpaka leo Wairani wanamwita Khajeh Nasir, na chuo kikuu kimoja cha teknolojia pale Tehran kinabeba jina lake. Ile w inaandikwa ila Irani ya leo haitamkwi, wanasema khaaje.

Sasa ungetegemea Irani ndo kuwe kumejaa watu wa jina hili, kumbe hapana. Neno liliwateremkia vibaya, maana matowashi wa kwenye nyumba za wafalme nao waliitwa kwa heshima hiyohiyo, khajeh fulani, khajeh fulani, mpaka mwisho neno likaganda kwenye maana ya mwanaume aliyehasiwa. Aliyeanzisha ufalme wa Qajar, Agha Mohammad Khan, alihasiwa akiwa mtoto na historia inamtaja kwa neno hilo waziwazi. Basi sheria ya 1925 ilipotaka kila Muirani awe na jina la ukoo, nani huyo mwenye akili zake atakwenda dirishani kuandikisha Khajeh tupu? Mimi naona ndo sababu kule utakuta zaidi limepambwa kidogo, Khajavi, Khajehpour, Khajehnouri.

Upande wa Waturuki lilipata bahati nyingine. Hoca (c yao ni j) akawa mtu wa elimu: mwalimu wa madrasa, imamu, mtu anayejua kusoma kijijini. Nasreddin Hoca, ambaye kaburi lake linaonyeshwa Akşehir, ndo huyo, na vichekesho vyake vingi sisi tumevisikia vikisimuliwa kwa jina la Abunuwasi. Mwaka 1934 Uturuki ya Atatürk ikapiga hodi mara mbili ndani ya mwaka mmoja, mwezi Juni sheria kwamba kila mtu awe na jina la ukoo, na Novemba sheria nyingine inayofuta vyeo vya zamani, na kwenye orodha ya vilivyofutwa hoca kapo kwa jina lake, pamoja na hacı, efendi, bey na paşa. Lakini lugha haisomi gazeti la serikali. Mpaka leo mwanafunzi wa chuo Istanbul anamwita profesa wake "hocam", na makocha wa mpira nao wanaitwa hivyohivyo, na Hocaoğlu, yaani mtoto wa hoca, ni jina la ukoo la kawaida kabisa.

Balkani neno lilifika na Waosmani likakaa kwa maana ya imamu. Wabosnia wakalibandika -ić, ambayo ni kama kusema "wa fulani", wakapata Hodžić, na ukifungua orodha yoyote ya majina ya Wabosnia Waislamu hutapiga hatua nyingi kabla hujalikuta. Albania na Kosovo likabaki Hoxha, au Hoxhaj ukiongezea alama ya familia, kama Enver Hoxhaj aliyewahi kuwa waziri wa mambo ya nje wa Kosovo, ambaye huyo ni mtu mwingine tofauti, majina tu yamegongana. Fikiria lakini, kila kijiji kilikuwa na imamu wake na kila imamu alikuwa na watoto. Kwa hiyo Hoxha wa kijiji hiki na Hoxha wa bonde la pili hawahitaji kuwa na undugu wowote, jina limezaliwa mara mia sehemu mia, na ndo maana limekuwa jina la watu wengi kiasi hicho Albania. Vita vya Bosnia vya 1992 mpaka 1995 na vya Kosovo vikalitawanya tena: Hodžić utawakuta Austria, Ujerumani, Sweden na mji wa St. Louis kule Marekani, Hoxha wengi wako Uswisi na Ujerumani.

Hapa nitoe tahadhari moja maana inanichosha kuirekebisha. Hodžić na Hadžić si jina moja. Hadžić inatoka kwa haji, mtu aliyehiji, na hiyo ni Kiarabu, kwa Kialbania unaikuta kama Haxhi au Haxhiu. Herufi moja tu, o na a, ila mmoja babu yake alifundisha na mwingine babu yake alisafiri, na nimeona miti ya ukoo inayoziunganisha bila aibu.

Waosmani hao hao walilipeleka Algiers, na kule khodja alikuwa karani wa serikali ya Dey, yaani mtawala wa Algiers, mtu wa vitabu vya mapato na barua. Hamdan Khodja, aliyechapisha Paris mwaka 1833 kitabu cha kuwashtaki Wafaransa kwa uvamizi wao, alitoka kwenye tabaka hilo. Halafu 1882 Wafaransa wakalazimisha Waalgeria wote waandikishwe kwa jina la ukoo, na mwandishi wa Kifaransa akaandika alivyosikia yeye, ndo ile dj. Ukimwona mtu Marseille anaitwa Khodja au Benkhodja, hiyo tahajia peke yake imeshakuambia nusu ya safari.

Asia ya Kati ni habari nyingine tena. Kule khoja siyo kazi, ni nasaba, au tuseme ni madai ya nasaba. Masufi wa njia ya Naqshbandi waliitwa Khwajagan, mabwana, na wazao wao pamoja na familia zinazojihesabu ni za Mtume au za Waarabu wa kwanza kufika huko wakawa tabaka la juu, hata ndoa walikuwa wanachagua. Kwa Wakazakh ambao wamegawanyika kwenye makundi matatu makubwa ya kikabila, Makoja wako nje ya yote matatu, wanahesabiwa "mfupa mweupe" pamoja na uzao wa Genghis Khan. Warusi walipokuja wakaongeza -ev mwishoni. Fayzulla Khodjaev, mtoto wa tajiri wa Bukhara aliyegeuka mkomunisti na kuiongoza Uzbekistan, akapigwa risasi kwa amri ya Stalin 1938, alibeba jina hilo la wacha Mungu mpaka kwenye kesi yake Moscow.

Tukija India, kuna mkondo wa masufi, maana Moinuddin Chishti aliyezikwa Ajmer watu wanamwita Khwaja tu na wanaelewana, na kuna mkondo wa biashara. Huu wa biashara ndo ninaoupenda. Waarmenia Wakristo wa New Julfa, mtaa wao pale Isfahan, matajiri wao waliitwa khoja, na mmoja wao, Khoja Petros Woskan, alijenga daraja la Madras mwaka 1726 kwa pesa yake. Mkristo safi, na khoja. Kashmir wafanyabiashara waliitwa Khwaja, na familia ya manawabu wa Dhaka ilitokana na wafanyabiashara hao, ndani yake akatoka Khawaja Nazimuddin aliyekuwa waziri mkuu wa Pakistan 1951 mpaka 1953. Wa leo anayejulikana zaidi labda ni Usman Khawaja wa kriketi, kazaliwa Islamabad, kachezea Australia.

Na Makhoja wetu? Simulizi yao wenyewe inasema Pir Sadruddin, mhubiri wa Kiismailia, aliwasilimisha watu wa jamii ya Lohana kule Sindh na Gujarat. Walohana walikuwa wanaitana Thakkar, bwana, na Pir akawapa khwaja badala yake, bwana kwa bwana, mtu anaingia dini mpya bila kupoteza heshima yake mtaani. Akili nyingi hiyo. Kwa hiyo damu yao ni ya Gujarat na Kachchh, Uajemi hawaudai, walichochukua ni cheo. Baadaye kukawa na mvutano wa nani ana mamlaka juu ya jumuiya, kesi ikafika Mahakama Kuu ya Bombay 1866, hukumu ikampa Aga Khan, na wengine kwa nyakati tofauti wakajitenga, ndo unaona leo kuna Maismailia, kuna Ithnaasheri, na Masunni wachache.

Ila angalia jambo la ajabu, Makhoja wa huku karibu wote hawaitwi Khoja. Sir Tharia Topan, aliyesimamia forodha ya Sultani Zanzibar na kuanzisha 1887 lile jengo lenye roshani za mbao zilizonakshiwa pale baharini tunaloliita Old Dispensary, alikuwa Khoja, lakini Topan ni jina la baba yake tu. Allidina Visram, aliyeanzia Bagamoyo akajaza maduka mpaka Uganda, na shule ya Mombasa ikapewa jina lake, vilevile, Visram ni baba. Walikuwa wanatumia jina la baba au babu, ndo hizo Jiwani, Virani, Ladhani, Manji, Somji unazoziona kwenye vibao vya maduka, na Khoja likabaki jina la jamaa nzima. Kama jina la ukoo lenyewe utalikuta zaidi Gujarat, Mumbai na Karachi. Amin alipowapa Wahindi siku 90 waondoke Uganda mwaka 1972, na Tanzania ilipotaifisha majumba mwaka uliotangulia, wengi wakahamia Kanada na Uingereza, kwa hiyo kule Toronto na Vancouver ukikutana na Jiwani kuna uwezekano mzuri anajua Kiswahili, wakati aliyeandikwa Khoja yawezekana wazazi wake walipita Karachi na Afrika hawajawahi kuikanyaga.

Misri na Sudan neno likageuka tena, khawaga na khawaja wakawa wageni wenye biashara, hasa Wakristo wa Ulaya na wa Sham, na zipo familia za Misri zinazoitwa El Khawaga. Madereva wetu wanaopiga ruti ya Juba wanalijua vizuri, pale "kawaja" ni mzungu yeyote anayepita na Land Cruiser.

Kwa hiyo mtu akiniandikia kwamba anaitwa hivi na anataka kipimo cha DNA kimwonyeshe kijiji cha Uajemi, huwa namwambia pesa hiyo aiweke kwanza, aniletee karatasi ya zamani kuliko zote aliyonayo na tuone aliyeandika alikuwa anatumia herufi za nani. Kh na dj mara nyingi ni Mfaransa, dzh ni Mrusi aliyegeuzwa kuwa Kiingereza, xh ni Mwalbania, h tupu yenye c ni Mturuki. Uzbekistan ni balaa zaidi kwa sababu 1993 walipitisha sheria ya kuhamia alfabeti ya Kilatini, kwa hiyo ndugu wa tumbo moja unakuta hati ya mmoja inasema Khodjaev na ya mdogo wake Xo'jayev, na ukitafuta kwenye nyaraka za enzi ya Sovieti hayo yote mawili hayapo, inabidi uandike Ходжаев.