Dawa za sonona na wasiwasi hazikatwi ghafla, hushushwa

Mtu ametumia dawa ya sonona miaka miwili mitatu, anajiona yuko vizuri, anaacha bila kumwambia yeyote. Siku ya pili au ya tatu anaamka na kizunguzungu, kichefuchefu kimemshika, jasho linamtoka na hasira ziko karibu. Usiku anaota ndoto nzito. Nyumbani wanatazamana, wanasema ugonjwa umerudi. Naye anaamini hivyo. Anarudia dawa, baada ya siku mbili anatulia, na kuanzia hapo ameshajihukumu kwamba hataweza tena kuishi bila kidonge.

Nikiwa mfamasia wa hospitali nakutana na hukumu hiyo mara kwa mara, na mara nyingi si ya haki. Kilichomsumbua mtu huyo huenda si sonona hata kidogo. Ni mwili kukosa ghafla kitu ulichokizoea.

Dawa kama fluoxetine, sertraline, citalopram na amitriptyline zikitumika kwa muda mrefu, ubongo hujipanga kufuatana nazo. Dawa ikiondolewa kwa siku moja, mpangilio ule haubadiliki siku hiyo hiyo. Unahitaji wiki, kwa wengine miezi. Dalili zinatokea katika kipindi hicho. Huu si uteja wa dawa za kulevya. Teja huitamani dawa na huongeza dozi ili alewe. Anayetumia amitriptyline hana tamaa hiyo, mwili wake umezoea tu. Naomba ndugu na majirani wasiwaite watu hawa majina yasiyowahusu.

Utatofautishaje? Tazama kwanza muda. Dalili za kuacha dawa kwa kawaida huanza ndani ya siku chache, wakati sonona ikirudi huja taratibu, kwa wiki au miezi. Kisha tazama mwili: kizunguzungu, ganzi, na mshtuko mfupi kama umeme unaopita kichwani, hasa unapogeuza macho, si dalili za kawaida za sonona. Mwisho, ukirudia dozi yako dalili hizi mara nyingi hutulia ndani ya siku chache, ilhali sonona yenyewe huchukua wiki kadhaa kuitikia dawa.

Si kila mtu anapata shida. Uchambuzi mkubwa wa tafiti uliochapishwa mwaka 2024 ulikuta kwamba kati ya walioacha dawa za sonona, takriban asilimia 31 walipata angalau dalili moja. Kati ya walioacha vidonge visivyo na dawa ndani, vilivyotumika kwa kulinganisha, takriban asilimia 17. Waliopata dalili kali walikuwa kama mtu mmoja katika kila 35. Nayataja haya ili asiwepo mtu wa kuogopa kuacha pale daktari anapoona wakati umefika, na pia asiwepo wa kumwambia mgonjwa kwamba anajisingizia.

Aina ya dawa nayo ina maana. Venlafaxine na paroxetine hutoka mwilini haraka, hivyo hata dozi moja ikisahaulika mtu huweza kujisikia vibaya. Fluoxetine hukaa mwilini kwa wiki kadhaa, kwa hiyo usumbufu wake, ukija, unaweza kuchelewa hadi mtu asiuhusishe tena na dawa.

Sasa niseme jambo ninalolihofia zaidi. Diazepam, lorazepam, alprazolam na clonazepam, ambazo wengi wanazijua kama dawa za usingizi au za kutuliza, ni kundi tofauti kabisa. Aliyezitumia kila siku kwa miezi akiziacha ghafla anaweza kupata degedege, kuchanganyikiwa, hata kufariki. Mwaka 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza maonyo mazito kuhusu hatari hii yaandikwe kwenye maelezo ya dawa zote za kundi hili. Njia salama ni kushuka taratibu sana: asilimia 5 hadi 10 ya dozi unayotumia wakati huo, kila baada ya wiki mbili hadi nne, chini ya daktari. Profesa Heather Ashton aliendesha kliniki ya kuwaachisha watu dawa hizi huko Newcastle, Uingereza, kuanzia 1982 hadi 1994. Wengi aliwahamishia kwanza kwenye diazepam kwa sababu hukaa mwilini muda mrefu na kushuka kwake ni laini. Na tafadhali, pombe isiwekwe mahali pa kidonge. Vikikutana mwilini, mtu anaweza kulala na kushindwa kupumua.

Kwa dawa za sonona, kosa la kawaida liko mwishoni. Mtu anaambiwa ameze nusu kidonge wiki mbili, halafu aache. Tuchukue mfano wa citalopram. Miligramu 20 hushika takriban asilimia 80 ya sehemu za ubongo zinazolengwa na dawa hiyo. Ukishuka hadi miligramu 10 bado zimeshikwa karibu asilimia 70. Ili kufika asilimia 40 unatakiwa kushuka hadi miligramu 2 na kidogo. Maana yake, kutoka 20 kwenda 10 ni hatua ndogo. Kutoka 10 kwenda sifuri ni kuanguka. Kadiri dozi inavyokuwa ndogo, ndivyo hatua zinavyotakiwa kuwa fupi.

Najua vidonge vidogo hivyo havipo madukani. Muulize mfamasia kama ipo dawa ya maji, au kama kidonge chako kinaweza kukatwa. Vidonge na kapsuli zinazotoa dawa polepole zisipondwe wala kutafunwa. Kumeza siku moja na kuruka inayofuata hakufai kwa dawa nyingi. Fluoxetine huvumilia kwa sababu ya kukaa kwake mwilini. Dalili zikikulemea, mwambie daktari akurudishe kwenye dozi uliyokuwa vizuri nayo, mtulie hapo wiki kadhaa, kisha mshuke kwa hatua fupi zaidi.

Wengine hawajaamua kuacha, wameachishwa na mazingira. Dawa zimeisha kituoni: fuatilia wiki moja kabla ya kumaliza zako, si siku ya mwisho. Ramadhani: dawa ya mara moja kwa siku kwa kawaida huhamishiwa baada ya futari au wakati wa daku, ongea na daktari mwezi haujaandama. Umeombewa na unajisikia umepona: endelea na ibada, lakini daktari ndiye apange kushusha. Umegundua una mimba: usikate dawa kwa hofu, nenda kliniki haraka.

Mtu mmoja nyumbani ajue tarehe uliyoanza kushuka. Akikuona unapata degedege, unaona visivyokuwepo, au unazungumzia kujiua, asikuache peke yako na akufikishe hospitali siku hiyo hiyo. Siku ya kliniki beba pakiti zote, za mitishamba zikiwemo, na daftari ulimoandika dozi na hali yako ya kila siku. Daktari akikutana na kurasa hizo atajua hatua inayofuata iwe ya ukubwa gani.