Miruko Mitatu ya Wanawake: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Katika mashindano ya ubingwa wa dunia wa riadha, fainali ya miruko mitatu ya wanawake hutazamwa na watu wengi ambao wamekwisha kuambiwa mambo yasiyo sahihi kuhusu mchezo huo. Makosa hayo si ya kupuuzwa, kwa sababu anayeyaamini hukodolea macho shimo la mchanga peke yake, ilhali sehemu kubwa ya kazi huwa imekwisha kufanyika kabla mrukaji hajaukaribia mchanga.

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba mrukaji huruka mara tatu kwa namna anayoipenda, mradi afike mbali. Ukweli ni kwamba sheria inautaja mguu. Aliyejirusha kwa mguu wa kulia kutoka kwenye ubao wa kurukia, uliolazwa ardhini kabla ya shimo la mchanga, lazima atue kwa mguu huohuo wa kulia. Kutoka hapo hupiga hatua ndefu ya angani na kutua kwa mguu wa kushoto. Kisha kwa huo wa kushoto hujirusha na kuangukia mchangani. Anayeanza na kushoto hufuata mpangilio huohuo kinyume chake. Akichanganya miguu, jaribio ni batili, hata kama ameruka mbali kuliko wenzake wote.

Kutokana na dhana hiyo huzaliwa nyingine, kwamba mruko wa kwanza ndio unaoamua mambo na kwa hiyo mrukaji anapaswa kuumalizia nguvu zake zote. Hapa ndipo penye kiini cha mchezo. Mguu unapogusa ardhi, kasi ya kwenda mbele hupungua kila mara, na hakuna mrukaji anayeweza kulikwepa jambo hilo. Anachoweza kufanya ni kupunguza hasara. Akipaa juu mno katika mruko wa kwanza, hushuka kwa kishindo, goti hukunjika, na mguu uleule uliomrusha kutoka ubaoni, ambao sasa umebebeshwa mzigo ulio mara kadhaa ya uzito wa mwili wake, hutakiwa kumrusha tena katika muda usiofika hata sehemu mbili za kumi za sekunde. Mguu ukishindwa, hatua ya kati huwa fupi na mruko wa mwisho hukosa kasi ya kuuchukua mwili. Ndiyo maana warukaji hodari huondoka ubaoni wakiwa chini chini, kama wanaoendelea kukimbia. Hatua ya kati kwa kawaida ndiyo fupi kuliko zote tatu, na kwa maoni yangu ndiyo inayostahili kutazamwa kwa makini zaidi: litazame paja la mguu ulio huru likiinuliwa na kushikiliwa hewani kwa kitambo kidogo, kabla ya mguu huohuo kunyooka kuipokea ardhi. Mrukaji anayeweza kusubiri hapo bila kuharakisha kutua, huyo amejifunza kazi yake.

Wapo pia wanaosema kwamba mchezo huu ni wa wale walioshindwa kung'ara katika kuruka chini, yaani mruko mmoja wa kwenda mbali. Historia haikubali. Inessa Kravets wa Ukraine alikuwa amekwisha kutwaa medali ya fedha ya kuruka chini katika Olimpiki ya Barcelona mwaka 1992 kabla ya kuwa bingwa wa dunia wa miruko mitatu. Maryna Bekh-Romanchuk, naye wa Ukraine, alipata fedha ya dunia ya kuruka chini mjini Doha mwaka 2019, kisha fedha ya miruko mitatu mjini Budapest mwaka 2023. Caterine Ibargüen wa Colombia hakutoka huko kabisa: katika Olimpiki ya Athens ya mwaka 2004 alishindana katika kuruka juu, na miaka 12 baadaye alikuwa bingwa wa Olimpiki wa miruko mitatu mjini Rio de Janeiro kwa mita 15.17. Tena, kwa kuwa Yulimar Rojas wa Venezuela, mwenye rekodi ya dunia, ana kimo cha mita 1.92, baadhi ya watu wameamua kwamba wafupi hawana nafasi. Kimo husaidia, lakini mabingwa wengi waliomtangulia hawakuwa na kimo hicho.

Kuhusu ubao wa kurukia, watu husema kwamba asiyeukanyaga amefanya kosa. Sivyo. Anayejirusha kabla ya kuufikia ubao hajakosea. Amejipunja tu, kwa sababu kipimo huanzia kwenye mstari ulio ukingoni mwa ubao, upande wa mchanga, hadi alama ya karibu zaidi iliyoachwa mchangani na sehemu yoyote ya mwili wake. Akiondoka sentimita 20 nyuma ya mstari, sentimita hizo zimepotea; na akiangukia visigino lakini mkono ukagusa mchanga nyuma yake, kinachopimwa ni alama ya mkono. Kosa ni kuuvuka mstari, na tangu mwishoni mwa mwaka 2021 sheria huhesabu kosa pale sehemu yoyote ya mguu inapovuka usawa wa mstari kabla ya kuondoka ardhini, hata kama ncha ya kiatu imening'inia hewani bila kugusa kitu.

Vivyo hivyo, mguu usiofanya kazi ukikwaruza ardhi katikati ya miruko, mtazamaji hudhani bendera nyekundu itapandishwa. Zamani hilo lilikuwa kosa. Siku hizi si kosa. Upepo nao hueleweka vibaya: ukivuma kutoka nyuma kwa zaidi ya mita 2.0 kwa sekunde, umbali hauwezi kuwa rekodi, lakini unahesabiwa katika mashindano na unaweza kumpa mtu medali. Na umbali alioruka mtu katika mchujo hauendi naye fainali, ingawa ukivunja rekodi, rekodi hiyo husimama.

Dhana ninayoiona kuwa nzito kuliko nyingine ni kwamba wanawake walichelewa kuingia katika mchezo huu kwa sababu hawakuuweza. Wanaume waliruka miruko mitatu katika Olimpiki ya kwanza ya kisasa mwaka 1896; wanawake wakaruhusiwa mwaka 1996 mjini Atlanta, miaka 100 kamili baadaye, na miaka mitatu tu baada ya kuingizwa katika ubingwa wa dunia mjini Stuttgart. Lakini Kinue Hitomi wa Japani alikuwa ameruka mita 11.62 mwaka 1926, wakati hakuna aliyekuwa tayari kuitambua rekodi yake rasmi. Kilichokosekana ni mlango, wala si uwezo. Ulipofunguliwa mjini Stuttgart mwaka 1993, Anna Biryukova wa Urusi alivuka mita 15 siku hiyohiyo ya fainali, kwa mita 15.09.

Wala si kweli kwamba Afrika haina lake katika mchezo huu kwa kuwa bara hili linajulikana kwa mbio. Françoise Mbango Etone wa Kameruni alishinda dhahabu ya Olimpiki mara mbili mfululizo, mwaka 2004 kwa mita 15.30 na mwaka 2008 kwa mita 15.39.

Imebaki ile ya kusema kwamba anayeanza vibaya amekwisha. Mjini Gothenburg mwaka 1995, Kravets aliharibu majaribio yake mawili ya kwanza katika fainali ya dunia. Lau angeharibu na la tatu, angetoka bila kipimo. Akaenda, akaruka mita 15.50, rekodi ya dunia iliyodumu karibu miaka 26 hadi Rojas alipoivunja katika Olimpiki ya Tokyo kwa mita 15.67, kisha akaongeza hadi 15.74 mjini Belgrade mwaka 2022. Na ingawa hiyo ya pili iliwekwa ndani ya ukumbi, ndiyo rekodi ya dunia kwa jumla. Rojas huyo huyo, mjini Budapest mwaka 2023, alifikia jaribio lake la mwisho akiwa hayumo hata katika nafasi ya medali. Bekh-Romanchuk alikuwa ameruka mita 15.00. Rojas akakimbia, akaupiga ubao, na kipimo kiliposomwa kilikuwa mita 15.08.